Karama za Roho ni za Nani?

Jioni moja tulikuwa tumekaa barazani, upepo wa ziwa ukivuma, akatujia kijana aliyekuwa mwanafunzi wetu zamani. Alitupa shikamoo, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akanyamaza kitambo. Mwisho akasema, "Mwalimu, nina neno linanisumbua. Mimi nimebatizwa, nasali, nasoma Maandiko. Lakini sijapata kunena kwa lugha, wala sijaona maono, wala sijamwombea mgonjwa akainuka. Je, Roho Mtakatifu alinipita?"

Hatukumjibu upesi. Swali lake liligusa jambo tulilolificha moyoni miaka mingi, nalo ni jambo la aibu kwetu. Tulimwambia arudi baada ya siku tatu, nasi tukavirudia vitabu vyetu. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyomjibu. Na ile aibu yetu tumeitia ndani yake, maana mwalimu afichaye kosa lake huwanyima wanafunzi nusu ya somo.

Tuanze na neno lenyewe. Mtume Paulo aliandika kwa Kiyunani, na neno lake ni karisma, litokalo katika karis, ndiyo neema. Waliotafsiri katika lugha yetu walichagua neno karama, lililotoka kwa Waarabu. Neno hilo lina ndugu zake, nao twawajua sote: karamu, ukarimu, na kukirimu. Mtu akialikwa karamuni hatozwi fedha mlangoni. Tena mwenye karamu hapiki chungu kizima kwa ajili ya mtu mmoja. Basi karama si mshahara wa mtu mwema, wala si cheo cha mtu mkubwa. Ni kitu kitolewacho bure, nacho hutolewa ili wengi wale washibe.

Mahali Paulo alipofundisha habari hizi kwa urefu ni katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, mlango wa 12 hata wa 14. Yatupasa kuujua mji ule kidogo, ili tujue kwa nini aliandika. Korintho ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, Lekaio upande wa magharibi na Kenkrea upande wa mashariki. Warumi waliubomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, ukakaa ukiwa, hata Julius Caesar alipoujenga tena mwaka 44 kabla ya Kristo. Wengi aliowaweka humo walikuwa watu waliotoka katika utumwa. Paulo alifika huko yapata mwaka 50 baada ya Kristo, akakaa mwaka mmoja na miezi sita. Kisha, alipokuwa Efeso, yapata mwaka 55, akapata habari kwamba kanisa lile linagawanyika, akaandika.

Sisi watu wa Ujiji na Kigoma twaufahamu mji wa namna hiyo. Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo. Pembe zilipita hapa, na watumwa walipita hapa, wenye minyororo shingoni. Reli nayo ilifika Kigoma mwaka 1914, ikaleta watu wengine. Hata leo mtu akitembea sokoni asikia Kiha, na Kiswahili, na Kirundi, na Kibembe cha ng'ambo ya ziwa. Katika mji kama huo mtu hupimwa upesi: ametoka wapi, ana nini, ajua nini. Wakristo wa Korintho waliichukua mizani ile ya sokoni wakaingia nayo kanisani. Penye meza ya Bwana wengine walishiba na wengine wakabaki na njaa. Na katika karama vivyo hivyo: aliyenena kwa lugha isiyojulikana alijiona ameshiba Roho, akamtazama mwenzake kama mtu mwenye njaa.

Paulo hakuwakataza kunena kwa lugha. Yeye mwenyewe alikuwa na karama hiyo, akamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini alifanya mambo matatu. Kwanza, alizihesabu karama nyingi: hekima, maarifa, imani, kuponya, miujiza, unabii, kupambanua roho, lugha, na tafsiri za lugha. Alipohesabu mara ya pili akatia waalimu, na masaidiano, na maongozi, na lugha akaziweka mwisho. Pili, alisema zote zatoka kwa Roho mmoja, naye humgawia kila mtu kwa faida ya wote, kama viungo vingi vya mwili mmoja. Tatu, aliweka utaratibu: wanene wawili au watatu tu, kwa zamu, na mmoja afasiri. Kama hakuna wa kufasiri, mwenye lugha anyamaze kanisani, aseme na Mungu moyoni mwake. Na manabii wakinena, wengine wayapime maneno yao. Katikati ya hayo akaweka mlango wa 13, ulio wa upendo. Watu wengi huusoma arusini, nao wafanya vema, lakini Paulo aliuandika kwa ajili ya watu waliokuwa wakigombea karama.

Tulipokuwa vijana tulikwenda mara kadhaa kuvua dagaa pamoja na mjomba wetu. Wavuvi hutoka jua likichwa, siku za giza, maana mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki penye taa. Katika chombo chetu mmoja aliangalia taa, wengine walipiga kasia, wengine walishika wavu, na mdogo wao alikuwa na kopo la kutekea maji yaliyoingia, akiyamwaga nje usiku kucha. Mtu asimamaye pwani hawaoni watu hao. Huona taa tu, nyingi, kama mji uliojengwa juu ya maji, naye hudhani taa ndizo zivuazo. Lakini taa isiyo na wavu hupendeza samaki tu, haimlishi mtu. Na chombo kisichokuwa na mwenye kopo huzama pamoja na taa yake. Wakorintho walikuwa kama mtu yule wa pwani: waliiona taa.

Na sisi pia tulikuwa kama yeye. Hapa ndipo tunapofika katika aibu yetu.

Miaka mingi iliyopita tulifundisha katika kijiji kimoja cha mwambao, kaskazini ya Kigoma. Huko milima hushuka mpaka majini, hapakuwa na barabara, na njia ya kwenda mjini ilikuwa ziwa. Katika usharika ule yalianza maombi makubwa, nasi twashuhudia kwamba matunda yake yalikuwa mema. Waliokopa walilipa. Nyavu zilizoibwa zilirudishwa usiku mlangoni kwa wenyewe. Wanaume waliopiga wake zao walitubu mbele ya watu. Wengine wakaanza kunena kwa lugha, nasi tukafurahi pamoja nao.

Lakini baada ya miezi michache likazuka neno jipya kijijini: "wakavu." Wakavu ni wale wasionena kwa lugha. Waliitwa hivyo kwa mfano wa dagaa walioanikwa mchangani. Wabichi wakakaa mbele kanisani, wakavu wakakaa nyuma, bila mtu kuamuru. Mwalimu wa shule, mwenye kusoma Maandiko mbele ya watu kila Jumapili, alikuwa mkavu.

Tulijua vema maneno ya mlango wa 14. Ilitupasa kusimama na kuyasoma, kisha kuyaeleza. Hatukusimama. Tuliogopa watasema, "Mwalimu ana wivu kwa kuwa hana Roho." Tena tulifanya baya zaidi. Usiku mmoja tulifunga mlango wa chumba chetu, tukajaribu kutamka maneno yasiyo na maana, tuyazoee, ili tukayatamke kanisani tuonekane kwamba nasi tumo. Hatukuyatamka. Lakini si kwa wema. Tuliogopa tu kuchekwa.

Wakati huo mtoto mmoja wa kiume, wa miaka kama sita, alishikwa na homa kali. Baba yake alikuwa mbali, dagoni, na mama alikuwa peke yake. Wakuu wa maombi walikusanyika nyumbani, na mmoja wao alisema kwa unabii kwamba siku ya tatu mtoto atainuka, na kumpeleka hospitali ni kumwonyesha Mungu kwamba hatumwamini. Kisha wakatuita sisi, kwa kuwa ni mwalimu. Tulimtazama mtoto. Shingo yake ilikuwa imekaza kama mti, na taa ilipoletwa karibu alilia. Katika masomo ya afya tulikuwa tumejifunza dalili hizo: ni za homa ya uti wa mgongo, nayo haingoji. Mama alitutazama usoni, akingoja neno. Tulisema, "Tuendelee kuomba."

Tuliendelea usiku wa kwanza na usiku wa pili. Usiku wa tatu alikuja fundi wa mitumbwi. Mtu huyu hakupata hata siku moja kuomba kwa sauti kanisani. Alikaa daima karibu na mlango, kwa kuwa nguo zake zilinuka lami ya kukalafatia vyombo. Aliingia, akamwinamia mtoto, akamwambia mama, "Mama, mtumbwi u tayari majini. Tutasali huku tukipiga kasia." Kisha akatugeukia sisi, wala hakutulaumu. Akasema, "Mwalimu, chukua kasia la pili."

Tulipiga kasia usiku kucha. Upepo ulikuwa wa mbele, mawimbi yakaingia, na mama akawa na mtoto mkono mmoja na kopo mkono wa pili. Kulipopambazuka tukafika Kigoma. Mtoto alitibiwa, akaishi. Lakini masikio yake yalizibika, hayakufunguka tena. Tabibu alituambia kwa upole kwamba ugonjwa ule hufanya hivyo mara nyingi, na kwamba kila siku ya kukawia huzidisha hatari. Hakujua alikuwa akisema na nani.

Yule aliyetoa unabii alimjia mama akilia, akaomba radhi, naye akasamehewa. Hakuwa mdanganyifu. Alimpenda mtoto yule, akadhani tumaini la moyo wake ni sauti ya Mungu. Jambo hilo laweza kumpata mtu ye yote, na ndiyo sababu Paulo aliagiza wengine wapime. Sisi ndio tuliokuwa "wengine." Roho alikuwa ametupa neno la maarifa, neno dogo la darasani, ambalo usiku ule lilikuwa na thamani ya masikio mawili. Tukalifungia, tukiwa tunaililia karama ya jirani.

Tuliporudi katika vitabu kwa ajili ya yule kijana, tuliona kwamba Wakristo wa kwanza waliyajua mashaka haya. Kuna kitabu kidogo cha zamani sana kiitwacho Didake, maana yake Mafundisho. Wataalamu wengi hukihesabu kuwa cha mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa karne ya pili. Kilipotea miaka mingi, kisha Bryennios, mwanachuoni wa Kanisa la Kiyunani, akakiona mjini Constantinople mwaka 1873, akakipiga chapa mwaka 1883. Humo Wakristo waliagizwa namna ya kuwapokea mitume na manabii wasafiri. Mtume apokewe kama Bwana, lakini akae siku moja, au mbili kama ana haja. Akikaa siku tatu, huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa njiani, si fedha. Mtu akidai fedha kwa jina la Roho asisikilizwe. Lakini akiomba kwa ajili ya maskini wengine, asihukumiwe. Tena nabii ajulikane kwa mwenendo wake, si kwa kunena tu. Twaona ya kuwa watu hao hawakumzimisha Roho, wala hawakuiacha akili nje ya mlango.

Yapata mwaka 180, Askofu Irenaeus wa Lyon, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, aliandika kwamba katika siku zake karama zilikuwako bado katika Kanisa: kuponya, na unabii, na lugha. Naye alitaja alama moja ya kuzitambua: Kanisa halikutoza kitu. Lilipokea bure, likatoa bure. Hapo tukalikumbuka tena neno karamu.

Lakini tusidhani mambo haya ni ya Korintho na Lyon tu. Pwani ya ziwa letu wenyewe alikaa mtu ambaye habari zake zaeleza karama ya kuponya kuliko maneno yetu. Jina lake ni Adrian Atiman. Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika nchi ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Alipokuwa mtoto alikamatwa na wauza watumwa, akavushwa jangwa la Sahara. Huko Algeria wamisionari, wale Mapadre Weupe wa Lavigerie, walimkomboa kwa fedha, wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwani Malta ajifunze utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini ya Kigoma, katika pwani ya mashariki ya ziwa. Akakaa huko akiwa tabibu na katekista mpaka kufa kwake mwaka 1956. Ni miaka 67. Alioa huko, na mwanawe akawa padre. Hospitali moja ya Sumbawanga yaitwa kwa jina lake.

Mtu aweza kuuliza, "Je, hiyo ni karama ya Roho, au ni elimu ya Malta?" Tulijiuliza vivyo hivyo, na jibu letu ni hili. Mtoto yule hakujinunua mwenyewe kutoka utumwani, alinunuliwa. Hakujipeleka shuleni, alipelekwa. Alichokipokea bure alikichukua mpaka Karema, akakitoa kwa watu wasiokuwa wa kabila lake, katika nchi asiyozaliwa, siku baada ya siku, kwa miaka 67. Karama iliyosomewa kwa jasho ni karama vilevile. Kitanga cha mkono hutoka kwa Mungu, na ujuzi wa kufunga kidonda hujifunzwa, na Roho hakutengana na kimojawapo.

Sasa turudi kijijini, maana habari ya mtoto haikuisha. Jumapili mama alikuja naye kanisani, akamketisha mbele yake, akaanza kumfasiria kwa mikono. Kwa jina la Yesu aligusa vitanga vyake viwili, mahali pa misumari. Kwa mkate alimega, kwa ziwa alitikisa vidole, kwa kusamehe alipangusa kiganja kama mtu afutaye ubao. Watoto wa shule wakajifunza ishara zile, wakawafundisha mama zao. Na mwanamke aliyekuwa wa kwanza wa wabichi, mwenye kunena kwa lugha kwa nguvu kuliko wote, ndiye aliyezijua upesi. Akaacha mahali pake pa mbele, akakaa na mtoto kila mama alipokuwa mgonjwa. Baada ya miezi kadhaa hatukusikia tena neno "wakavu." Hakuna aliyelipiga marufuku. Lilikosa kazi tu.

Siku moja, tukiwa tunasoma mbele ya watu ule mlango wa 14, hatimaye, tuliinua macho tukaona mikono ya mwanamke yule ikienda upesi, na macho ya mtoto yakiifuata, kisha mtoto akacheka mahali panapostahili kuchekwa. Hapo tulifahamu tafsiri za lugha ni nini. Paulo alisema maneno matano yanayofahamika yamfaa kanisani kuliko maelfu yasiyofahamika. Sisi tuliyaona matano hayo, hatukuyasikia.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Alijifunza kwa yule fundi, naye hukalafati vyombo vya wavuvi. Kila tumwonapo hutusalimu kwa furaha, kwa maana hajui tulivyonyamaza usiku ule. Mama yake ajua. Tulimwambia wenyewe, naye alipangusa kiganja chake, bila kusema neno.

Kijana wetu aliporudi siku ya tatu tulimweleza hayo yote, kisha tukamwuliza, "Wewe nyumbani mwafanya nini?" Akasema kwamba kila jioni humsomea jirani kipofu barua za wanawe walio mbali, na kumwandikia majibu. Akasema ni kazi ndogo, haina haja ya kutajwa. Tukamfungulia mwisho wa barua ileile ya Wakorintho, mahali ambapo watu wengi hawafiki kwa kuwa wamechoka. Hapo Paulo ataja nyumba ya Stefana, waliojitoa kuwahudumu watu wa Mungu, naye awaambia Wakorintho wawatii watu wa namna hiyo. Hasemi kama walinena kwa lugha au hawakunena.

Ndugu msomaji, ukiwa umepewa lugha, mshukuru Mungu, umtafute mfasiri. Ukiwa umepewa unabii, kubali kupimwa. Na ukiwa na neno dogo tu la darasani, au kasia, au kopo la kutekea maji, usilifiche usiku mtu alihitajipo. Usiulize karama yako ni kubwa kiasi gani. Uliza ni ya nani, umpelekee mwenyewe, nawe uondoke mapema, kabla ya siku ya tatu.